Kuuma Bisibisi

Wiki mbili niliongeza sauti ya redio.
Taarifa ya habari ilinifikisha Kangemi,
matangazo ya vifo yakanishusha hadi Marikiti,
na ule mlio nikauambia: subiri, watu wanazikwa.
Mficha maradhi ndiye mimi.

Leo alfajiri, magunia manane ya kabichi nyuma,
fyuzi ya redio ikaungua.
Tukabaki wawili ndani ya Datsani,
mimi na ule mlio.

Grogan, saa tatu.
Nyundo kwenye mabati, vijana na vioo vya pembeni,
lori linarudi kinyumenyume likipigiwa miluzi.
Kusikiliza injini hapa
ni kama kunong'onezwa arusini.
Na Fundi Kilonzi, ambaye kila mtu alinielekeza kwake,
hasikii.
Sikio la kushoto lilikwenda na mashine ya kusaga vyuma,
la kulia limebaki na wanaopiga kelele.

"Usiniambie gari lina nini," akasema. "Liigize."

Mimi, mweka hazina wa chama cha Jumanne,
nimesimama kwenye matope ya oili, nikaigiza.
Ti-ti-ti-ti, asubuhi likiwa baridi.
Nywiiii, nikiwasha taa.
Na ko. Ko. Ko.
Hiyo ni mlimani, nikikanyaga mafuta na mzigo.

Alikuwa akitazama midomo yangu.
"Rudia hilo la mwisho. Lina tumbo, au ni la juujuu?"
Nikafikiri.
"Lina tumbo."
Akaacha kutabasamu.

Ti-ti-ti ilikuwa tapeti: geji, spana, robo saa.
Nywiiii ilikuwa mkanda wa feni;
Makokha, mwanagenzi wake, aliubonyeza kwa kidole gumba,
akaukaza, akapangusa mkono kwenye nywele.
Nikaanza kutumia chenji kichwani.

Ndipo fundi akatoa bisibisi ndefu kama mkono wa mtoto,
mpini wake umetafunwa pande zote.
Ncha akaiegemeza kwenye ubavu wa injini.
Mpini akauuma.
Akafumba macho.

Makokha akachomoa waya wa plagi ya kwanza.
Injini ikayumba. Ko ipo.
Akaurudisha, akachomoa wa pili.
Ko ipo.
Wa tatu,
na ko ikanyamaza ghafla
kama mtu aliyetajwa jina kikaoni.

"Uma," fundi akaniambia.
Akafuta mpini kwenye ovaroli
iliyokuwa chafu kuliko mpini.
Makokha akarudisha waya.
Nikauma: chumvi, oili, mdomo wa mtu mwingine,
na kisha ikaja,
si sikioni, ila tayani,
ikapanda hadi kwenye lile gego
ninaloahirisha kuling'oa tangu Pasaka,
ikabisha hapo hapo. Ko.

"Umesikia?"
Nikaitikia kwa kichwa, mpini mdomoni.

"Beringi ya konrodi, pistoni ya tatu.
Oili ilikuwa inaisha, nawe unaimba na redio."
Sikumbuki kumwambia habari za redio.
Elfu kumi na nane, kama krenki haijachubuka.
Na ikiwa imechubuka?
Akajibu kwa kupangusa mikono,
kidole kimoja kimoja, polepole.

"Ijumaa, Bochaberi. Mpaka hapo usibebe kitu,
usipite arobaini,
na hiyo fyuzi usiibadilishe."

Nimepita Waiyaki Way upande wa kushoto,
nyuma yangu honi, pembeni yangu matusi
kutoka kwa kijana wa pikipiki aliyebeba godoro.
Ko, Westlands.
Ko, pale wanapouza miche.
Nauhesabu sasa, naujua unakokaa.
Na ulimi wangu, bila kutumwa,
unarudi kila mara kwenye gego.